Kipi Kiwe Chini

Ijumaa asubuhi, katika chumba cha chini cha kanisa la Waslovaki la Youngstown, wanawake kumi na mmoja walikuwa wakifinya kingo za pierogi, vile vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi ndani, za kuuza mchana, na redio iliyokaa juu ya jokofu ilikuwa ikimsema mume wa mmoja wao.

"Brubaker aliondoka hapa takataka, kafika kwa watu kawa lulu," alisema shabiki wa besiboli aliyepiga simu. "Ransdell vilevile. Na Almonte, tuliyemtoa mwaka jana tukapewa mdakaji mwenye goti bovu, leo hakuna anayetaka kusimama mbele yake na rungu. Warushaji watatu, kocha mmoja. Mnataka ushahidi gani tena?"

Verna Sabol, aliyekuwa karibu na jokofu, alinyoosha mkono akapunguza sauti. Heri angeizima kabisa. Kuipunguza kulifanya kila mtu atege sikio.

"Usiwasikilize, Retta," alisema.

"Siwasikilizi. Nafinya."

"Sawa. Lakini na wewe, mwenzangu, watatu?"

Loretta Hrinko, Retta kwa wenzake, alivuta trei nyingine. Vidole vyake siku hiyo vilikuwa vinamtii, kwa kuwa Jumatano alikuwa amejidunga sindano yake ya baridi yabisi, na vidole vikikutii unavipa kazi, huvipi maneno. Akafinya trei nzima bila kuinua macho. Mcheza kwao hutunzwa, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuiona timu ya Wahunzi wa Youngstown. Kwa Wahunzi mrushaji alicheza kwao akazomewa, akabadilishwa kwa mtu mwingine kama shati lisilomkaa, kisha akaenda kutunzwa ugenini. Na aliyewafundisha kurusha wote hao alikuwa Walt, mume wake.

Mkataba wa Walt ulikuwa unaisha na msimu. Msimu ulikuwa unaisha Jumapili. Sindano moja ya Loretta, bila bima ya klabu, ilikuwa dola elfu tatu na mia nne, na kwa mwezi alihitaji mbili. Hayo hakumwambia Verna. Verna aliyajua, kama walivyoyajua wote mle ndani, ndiyo maana walipomaliza walimpa trei mbili za pierogi za kwenda nazo nyumbani wakakataa hela yake. Alizipokea akasema ahsante, na uso ukamwaka moto mpaka nje kwenye gari.

*

Jumapili, kabla ya kwenda uwanjani, Walt alisimama jikoni akiwa na koti moja mkononi na jingine begani.

"Pruitt anataka kuniona kesho saa tatu asubuhi," alisema. Pruitt ndiye aliyekuwa meneja mkuu wa klabu, kijana wa miaka thelathini na sita asiyewahi maishani mwake kupanda kichuguu, kile kituta cha udongo anachosimamia mrushaji. "Niende na lipi?"

"La kijivu. Amekwambia ni la nini?"

"Hajasema. Ila makocha wote wamepewa vibandiko vya kuegeshea gari vya mwaka ujao. Changu wanasema kimekwama kwa mchapishaji." Akaweka makoti juu ya kiti. "Kimoja kimekwama, Retta. Kimoja kati ya saba."

Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja, na swali lile lile lililozagaa mjini Loretta alikuwa hajamwuliza. Akamwuliza sasa.

"Uliwafundisha vibaya?"

Walt hakuona ubaya. Alikaa akalifikiria swali kama mtu aliyeulizwa njia.

"Sijui," alisema. "Nimewatazama wote watatu kwenye video, mwanzo mpaka mwisho. Wanafanya mambo ambayo nilikuwa nikiwasihi wayafanye. Makocha wao wapya wamewaambia nini ambacho mimi sikuwaambia? Ningejua ningelala usingizi. Na leo ni zamu ya Eudis Almonte kurusha, dhidi yetu. Ratiba nayo ina kejeli zake."

*

Eudis Almonte alipanda kichuguuni mchana huo akiwa na jezi ya Korongo wa Charleston, na uwanja mzima wa Youngstown ukamzomea. Hakuonyesha kusikia. Akasawazisha udongo kwa kiatu, akamtazama mdakaji, akarusha.

Loretta alikuwa amekaa pale wanapokaa wake wa makocha. Katika miaka yake yote ya kutazama besiboli hakuwahi kujidai anaijua. Alijua kushona vifungo vya jezi na kunyamaza timu ikifungwa. Lakini mpira ule wa kwanza ulimwinua kitini bila kuambiwa. Mkono ulipanda juu kabisa ya kofia, ukakaa huko kwa muda usioelezeka, ukashuka, na mpira ukafika kabla hajawaza kwamba umetoka. Mpigaji alikuwa bado na rungu begani. Aliutazama uwanja kwa mshangao wa mtu aliyeporwa sokoni mchana kweupe.

Huyu siye Eudis aliyemjua. Yule wa miaka miwili ya Youngstown alirusha ubavuni, mkono umeinama kama wa mtu anayerukisha vijiwe juu ya bwawa, na mipira yake ilifika imelala, mikubwa, mitamu, na kila jioni watu waliipeleka nje ya ukuta. Huyu wa leo alikuwa kitu kingine. Mpira wake ulishuka kutoka mawinguni ukapita magotini, pale pale ambapo kwa miaka miwili Walt alikuwa ameomba upite. Mmoja baada ya mwingine Wahunzi walikuja na rungu zao, wakapiga hewa, wakarudi kukaa kibandani mwao.

Kufikia raundi ya sita kuzomea kulikuwa kumekwisha. Watu walikuwa wamesahau kuwa ni adui. Mzee mmoja nyuma ya Loretta alikuwa akisema peke yake, "Ee Bwana, ee Bwana," kwa sauti ya kanisani. Na hapo ndipo mwingine, mwenye kofia ya Wahunzi, alipopiga kelele kuelekea kibandani: "Hrinko, chukua daftari uandike!" Watu wakacheka, hata wale waliomjua Loretta, kisha wakakumbuka kuwa yupo.

Yeye alikuwa anamtafuta mumewe kwa macho. Walt alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kibanda, kofia mkononi, mdomo wazi kidogo. Alikuwa anaangamia mbele ya watu elfu kumi na nane, na usoni mwake hamkuwa na aibu hata chembe. Mlikuwa na furaha. Loretta alimwona hivyo, na moyo ukamuuma kwa mapenzi na kwa hasira, vyote kwa pamoja, asijue kipi kimtangulie.

Wahunzi walifungwa nne bila.

*

Saa kumi na mbili jioni, jua bado likiwaka, teksi ilisimama mbele ya nyumba ya akina Hrinko, na Eudis Almonte akashuka akiwa na shati lililopigwa pasi na boksi la peremende za maziwa ya mbuzi kutoka kwao Baní, Jamhuri ya Dominika. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa barafu begani.

"Doña Loretta," alisema kwa Kihispania, akimwita kwa heshima ya mama mwenye nyumba na kuinama kidogo, "kwetu hupiti mji wa mwalimu wako bila kufika kwake. Mama angenichapa."

"Ingia, mwanangu," alijibu Loretta kwa lugha hiyo hiyo. Alikuwa amefanya kazi jikoni mwa shule miaka kumi na tisa pamoja na wanawake wa Puerto Rico, na Kihispania chake kilikuwa cha masufuria: kifupi, chenye mvuke, kisicho na adabu ya vitabuni, lakini kinaivisha. Eudis alicheka kukisikia. Kwa miaka miwili alikuwa amemwona mama huyu kwa mbali tu, asijue kwamba wangeweza kuzungumza.

Walt alikuwa amejiandaa kwa matanga, akajikuta na mgeni. Alimkumbatia upande wa kushoto, ule usio na barafu. Wakaketi wakala pierogi za kanisa na kabichi na tambi za siagi, na Eudis aliposhiba akaweka uma chini.

"Doña, mwambie Kocha kwamba nilikuwa namchukia."

"Anasema alikuwa anakuchukia," alisema Loretta.

"Hilo halikuhitaji mkalimani," alisema Walt.

"Mwambie ni kwa sababu sikuwa na akili. Kila alipopanda kichuguuni kunijia, alisema neno moja. Abajo. Chini. Nikashusha mkono. Narusha, wananipiga, anarudi: abajo. Nashusha tena. Mwaka wa pili mkono umefika kiunoni, na yeye bado, abajo, abajo. Nikawa nalia chumbani, nasema huyu mzee ana kisa gani na mkono wangu? Kisha wakanipeleka Charleston. Siku ya kwanza kocha wao akauliza, mbona unarushia huko? Nikasema ndivyo nilivyofundishwa. Akasema, hebu rusha ulivyokuwa unarusha utotoni. Nikainua mkono, Doña, ukawa mwepesi kana kwamba nimeuazima kwa malaika. Hapo nikaelewa. Mjomba wangu alinirushisha mpira uliolowa maji mwaka mzima, ili siku akinipa mkavu niuone unyoya. Na Kocha ndivyo alivyonifanyia. Alinibebesha uzito miaka miwili bila kuniambia. Leo baada ya mechi nimewaeleza waandishi wote: mkono huu ameujenga Walt Hrinko."

Kijiko cha Loretta kilikuwa kimesimama juu ya bakuli. Alikuwa anaiona jioni moja ya miaka mitatu nyuma, mikono yake imezama kwenye sinki, Walt amesimama mlangoni na kuuliza, Retta, "chini" wanasemaje kwa Kihispania? Naye, bila kugeuka, akijaribu kung'oa ukoko wa viazi, alisema: abajo. Walt akalirudia mara tatu, akaenda zake kifua mbele.

"Anasemaje?" aliuliza Walt.

"Anashukuru."

"Maneno yote hayo?"

"Kwao wanashukuru kwa kirefu."

Simu ikalia sebuleni, na Walt akaenda kuipokea. Loretta alisikia sauti ya mumewe ikisema ndiyo, ndiyo, kisha ikinyamaza, kisha ikisema ndiyo nyingine iliyojaa hewa. Alirudi amesimama wima kuliko alivyotoka.

"Pruitt," alisema. "Amesikia aliyoyasema Eudis. Miaka miwili, Retta. Ananipa miaka miwili, na kesho nikifika nasaini. Anasema niende na ule mpango wa mkono, uwe kwenye karatasi, wanataka vijana wote wa timu ndogo waanzishiwe majira ya baridi. Vijana thelathini." Akakaa. "Mpango gani wa mkono?"

Ndani ya jokofu, nyuma ya maziwa, kulikuwa na sindano tano. Loretta hakuhitaji kugeuka kuziona. Miaka miwili ilikuwa sindano nyingi, ilikuwa asubuhi nyingi za kufunga vifungo vyake mwenyewe. Alichohitaji kusema ni kidogo tu: kwamba Eudis anasifu mazoezi, na mengine Walt angeyabuni. Ulimi ulikuwa tayari. Kisha akawafikiria vijana thelathini asiowajua, kila mmoja na mkono aliotoka nao kwao, wakiambiwa washushe.

"Walt," alisema. "Ulipokuwa unamwambia abajo, ulitaka kipi kiwe chini?"

"Mpira. Upite magotini. Kipi kingine?"

"Yeye alishusha mkono."

Walt alimtazama. Akamtazama Eudis, akatazama bega lenye barafu. Aliuona mkono ule ukishuka, msimu wa kwanza, msimu wa pili, kidole kwa kidole, na akajiona mwenyewe akitoka kibandani mbio, amekasirika kwamba kijana hasikii, kwenda kumpa dawa ile ile iliyokuwa inamuua.

"Neno nilikupa mimi," alisema Loretta. "Nilikuwa naosha sufuria. Sikukuuliza chini nini."

"Na mimi sikukwambia."

"Kuna nini, Doña?" aliuliza Eudis.

"Mwambie," alisema Walt.

"Kesho anaondoka. Anaamini kitu kizuri, kina ubaya gani?"

"Ni mkono wake, Retta."

Loretta akamwambia Eudis. Kihispania cha masufuria hakikuwa na maneno laini, basi yalitoka yalivyo. Eudis alisikiliza mpaka mwisho, na boksi la peremende akalisogeza kando kidogo, kama mtu anayetafuta nafasi ya kuweka kitu.

"Kwa hiyo hakuna aliyetaka," alisema.

"Hakuna."

"Miaka miwili. Walikaribia kunirudisha nyumbani." Akavuta pumzi. "Klabu ilikuwa na mkalimani. Mbona Kocha hakuja naye?"

Loretta alilitafsiri swali, na Walt hakulikwepa.

"Mwambie niliona fahari kuwa na neno langu mwenyewe."

Eudis akatikisa kichwa taratibu. "Na mimi kila mara nilijibu ndiyo, Kocha. Sikuwahi kuuliza. Kwetu kocha haulizwi." Hakucheka, wala hakusema amesamehe. Lakini hakuinuka kwenda zake, na Loretta alishukuru kwa hilo kuliko kwa maneno.

"Mwulize kama anaweza kunionyesha," alisema Walt baadaye. "Polepole tu. Nimeuona kwa mbali leo. Nataka kuuona kwa karibu."

Wakatoka uani. Eudis alivua barafu, akachukua mpira mkuukuu, akasimama kwenye nyasi karibu na kamba za nguo. Walt alichutama upande wa pili na glavu yake, magoti yakilia kama mlango. Kijana aliinua mkono, bila nguvu, nusu ya nusu ya ule wa mchana, akaachia. Hata hivyo mpira uliimba. Ulipita juu ya majani ya nyanya ukishuka, ukashuka tena pale ambapo mpira mwingine ungekuwa umemaliza kushuka, ukaingia kwenye glavu kwa sauti moja safi. Mbwa wa jirani akanyamaza.

Walt alikaa vilevile, amechutama, macho yamejaa maji. Alipoinuka alimwendea Eudis, akamshika kiwiko kwa vidole viwili, akakipandisha mpaka pale kilipokuwa mpira ulipotoka, akakitazama.

"Ulikuwa nao huu siku ulipofika kwetu?" aliuliza, na Loretta akatafsiri.

"Nilikuja nao," alisema Eudis.

*

Jumatatu Walt alivaa koti la kijivu akatoka saa mbili na nusu. Saa nne na robo gari lilikuwa limerudi.

"Nilimwambia mpango haupo," alisema, akining'iniza koti. "Akasema hilo tuliache hapa hapa ofisini, niandike wowote, mradi jina la Almonte limo. Nikamwambia atakayeandika hayo ataharibu mikono thelathini. Akasema ananiheshimu sana. Ukisikia hivyo, mama, ujue unatafutiwa mlango." Akatoa kikaratasi mfukoni. "Bima ni mpaka mwisho wa Desemba."

Isisemwe kwamba Loretta hakukasirika. Alikasirika, akagonga kabati, akaosha sufuria iliyokuwa safi, akamwuliza kama ukweli unadungwa mkononi au tumboni. Walt hakujitetea. Kesho yake Loretta mwenyewe angekwenda shuleni kuwauliza wale wanawake wa Puerto Rico kama jikoni bado wanahitaji mtu, na kazi hiyo ina bima, na vidole vikikubali atapika tena. Alimwambia hivyo kwa ukali. Lakini kila alipomtazama alimwona tena amechutama kwenye nyasi, na hasira haikupata pa kukaa. Mtu huyu alikuwa amepewa miaka miwili bure, akairudisha kwa sababu ya mikono ya watoto wa watu.

Baada ya chakula cha mchana alimsikia sebuleni akipiga simu. Akaenda mlangoni na kitambaa cha vyombo.

"Cody? Walt Hrinko. Hapana, sitafuti kazi, na wala sina ugomvi." Aliyekuwa akipigiwa ni Ransdell, wa pili kati ya wale watatu, mtoto wa Texas, aliyekulia kwenye mashamba ya pamba na asiye na lugha nyingine ila Kiingereza. "Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Nilipokuwa nakwambia ubaki nyuma, kila siku ile, baki nyuma, baki nyuma. Wewe ulikuwa unaelewa nini?"

Ransdell alianza kueleza. Alieleza kwa muda mrefu, na Walt alishika kalamu lakini hakuandika kitu. Rangi ilimtoka usoni, kisha macho yakapanuka taratibu kama yalivyopanuka jana kwenye ngazi ya kibanda.

"Hapana," alisema. "Hapana, mwanangu, sikuwa na maana hiyo hata kidogo."

Akaziba simu kwa kiganja, akamtazama mkewe.

"Retta," alinong'ona, "na huyu tunasema lugha moja."